Bretagne ya Ukuta wa Mama

Mimi hakuna kitu duniani kinaweza kunishangaza. Nimesema hivyo kanisani, nimesema kwa meneja wa benki, na nimesema mbele ya mafundi wangu wote. Mtu aliyeanza kuvunja kokoto kwa nyundo akiwa na miaka kumi na minne, na leo ana malori matatu ya mawe ya kujenga, vyumba vya kukodisha Witeithie na nyumba yake mwenyewe ya vigae hapa Ruiru, huyo utamshangaza na nini? Shule niliachia darasa la sita. Lakini niulize jambo lolote kuhusu Bretagne, ule mkoa wa Ufaransa uliochomoza baharini, nitakujibu nikiwa nimefumba macho. Wenye digrii zao wataanza kupapasa simu.

Wewe uliyelala nyumba ya mbao wakati ule utaelewa nilivyoijua. Sisi tulikulia Landless, pale Thika, na mbao za nyumba yetu zilikuwa zimeachana hivi kwamba ukilala ubavu unaona kuku wa jirani akipita. Baridi ya Julai ilikuwa inaingia bila hodi. Kwa hivyo kila Desemba, shule zikishafungwa, kina mama walibandika kuta karatasi. Magazeti, kalenda za zamani, mifuko ya saruji iliyofunguliwa, chochote kile. Mama alipika gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria nyeusi, akaikoroga mpaka ikawa kama uji mzito, na sisi tulikaa kando tukingoja ageuke kidogo tuchovye kidole. Ilikuwa tamu. Panya nao walijua ni tamu, ndiyo maana kufika Juni kuta zote zilikuwa na mashimo na Desemba ikabidi kazi ianze upya.

Na nani hakujifunza kusoma kwenye ukuta? Mimi ninasema shule yangu ya kweli ilikuwa ukuta. Unaanza habari ya mwizi wa ng'ombe karibu na dirisha, inaendelea nyuma ya kabati, halafu mwisho wake uko chini ya kitanda. Ilikuwa lazima utambae na kibatari ujue kama walimshika. Mama hakujua kusoma, kwa hivyo alibandika karatasi kulingana na shimo, si kulingana na maandishi. Karatasi moja imesimama, nyingine imelala, nyingine miguu juu. Watoto wa Landless tulikuwa na shingo laini kama bata. Ungetuona tumesimama sebuleni, kila mmoja ameinamisha kichwa upande wake, ungefikiri tumepigwa na kitu.

Sasa, Mama alikuwa akifua nguo za Mfaransa mmoja, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa mtu wa Bretagne. Alipomaliza mkataba wake akarudi kwao, alimwachia Mama sanduku. Ndani kulikuwa na mashati mawili, pasi isiyo na mpini, na ramani ya watalii kubwa kama shuka. Majina ya miji yalikuwa ya huko kwao, lakini maelezo yalikuwa ya Kiingereza, na pembeni kulikuwa na picha ndogo ndogo. Mama hakuangalia picha. Alishika karatasi kati ya vidole viwili, akaisugua, akasema, "Hii ni nene. Hii ni ya upande wa Njoroge, kifua chake hakipendi baridi."

Njoroge ndiye mimi. Kitanda changu kilikuwa kimeegemea ukuta wa upande wa mlango. Mama alipima, akaona ramani haitoshei ikisimama wima inavyotakiwa, akaizungusha, akaibandika ikiwa imelala. Kona ya chini, upande wa kushoto, iligonga mwimo wa mlango. Akachukua kisu akaikata. Kile kipande kilitumika kuwashia jiko siku hiyo hiyo.

Nikisimama, yale majina yote yalikuwa yanateremka kama mvua. Lakini nikilala ubavu wa kulia, kichwa kwenye mto, maandishi yote yalinyooka mbele ya macho yangu. Nani kati yenu aliwahi kuwa na nchi nzima ya kulalia? Mimi nilikuwa nayo. Jumapili mchana mvua ikinyesha, githeri inachemka jikoni, harufu ya mahindi na moshi, mimi niko Bretagne.

Kwenye ukuta wetu Bretagne ilikuwa kichwa cha mamba. Mamba mwenyewe amesimama, ameelekeza mdomo juu, ameachama kama anataka kumeza paa. Shingo yake iko chini karibu na kitanda, na hapo ndipo palikuwa na Rennes, mji mkuu. Upande wa kulia pwani ilikuwa imekatwakatwa kama mkate ulioliwa na panya, na kuna mahali panya walikuwa wameila kweli. Hapo palikuwa na Saint-Malo, mji wenye ukuta wa mawe, na maelezo yalisema mabaharia wake walikuwa wanateka meli za watu wakiwa na barua ya ruhusa kutoka kwa mfalme. Nyokabi, dada yangu mkubwa, aliposoma hiyo alisema, "Kumbe ni kama askari wa manispaa wanavyochukua ndizi anazouza Mama." Upande wa kushoto kulikuwa na Carnac, na picha ya mawe. Mawe marefu, maelfu, yamesimama kwa mistari kama watoto wa shule kwenye paredi, na yalisimamishwa na watu ambao hata majina yao hayajulikani. Hiyo picha ndiyo ilinitia mawe moyoni, nisiwadanganye. Nilikuwa nikiiangalia nikijiuliza, nani alilipwa kuyabeba?

Na juu kabisa, karibu na mabati, mahali pa masizi na mijusi, ndipo mdomo wa mamba ulipokuwa, na maelezo yalisema watu wa huko wanapaita Mwisho wa Dunia. Tuliamini. Hapo juu kulikuwa na mji wa Brest, na juu ya Brest kulikuwa na tundu la msumari kwenye bati. Mvua yoyote ikinyesha Thika, tone la kwanza linaangukia Brest. Mpaka mji wenyewe ukageuka rangi ya chai.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kwenye ramani kaskazini ni juu. Basi mimi nikajua: Brest iko kaskazini, Rennes iko kusini. Nyokabi alikuwa darasa la saba wakati huo, na alijaribu kubisha. "Hiyo karatasi imelala, wewe. Mama aliigeuza." Nilimwambia Mama hajawahi kukosea ukuta. Tulipigana kwa mito. Mama alitutenganisha kwa mwiko na kusema neno ambalo mpaka leo nalisikia: "Mimi nimeziba baridi. Nyinyi mnagombania nini?"

Rafiki yangu Wafula alikuwa akiishi mlango wa tatu. Baba yake alikuja kutoka Bungoma kufanya kazi ya shamba la mananasi, na yeye Wafula alizoea kuingia kwetu bila kubisha, kwa sababu kwetu kulikuwa na mchezo ambao kwao hakukuwa nao. Tuliuita Tafuta Mji. Mmoja anasoma jina kimya kimya, halafu analitaja kwa sauti, na wengine wanalitafuta ukutani kwa kidole. Wa mwisho kuliona anapigwa ngoto ya kichwa, ile ya kifundo cha kidole, inayokufanya uone nyota mchana. Tulicheza bano kwa gololi, tulicheza brikicho ya kujificha, tuliendesha magari ya waya mpaka Kiganjo na kurudi, lakini mchezo wa mvua ulikuwa huo. Mimi nilikuwa bingwa. Sijisifu, ni ukweli tu. Wafula alikuwa na ujanja mmoja mbaya: akishindwa, anasema, "Tafuta Nantes." Nantes ilikuwa ndani ya ile kona Mama aliyokata. Maelezo ya pembeni yaliitaja, kwamba ngome ya mtawala wa Bretagne ilikuwa Nantes, lakini mji wenyewe ulikuwa umegeuka jivu la jiko zamani. Tulimpiga ngoto yeye.

Hiyo historia yote niliimeza nikiwa nimelala. Kwamba watu wa Bretagne asili yao walivuka bahari kutoka kisiwa kikubwa cha Waingereza, wakikimbia wavamizi, wakaja na lugha yao wakaiita nchi kwa jina la walikotoka. Kwamba walikuwa na watawala wao wenyewe, mpaka nchi ikabaki mikononi mwa msichana mmoja. Huyo msichana akaolewa na mfalme wa Ufaransa, mfalme akafa, akaolewa na mfalme aliyefuata. Baadaye nchi yote ikaungana na Ufaransa. Mama akitandika kitanda nilikuwa nikimsimulia, na aliposikia habari ya msichana huyo alisimama na shuka mkononi. "Wafalme wawili? Na mahari yake alilipwa nani?"

Na kulikuwa na picha moja niliyoipenda kuliko zote. Mwanaume na baiskeli, na baiskeli imening'inizwa vitunguu vilivyosukwa kama nywele. Maelezo yalisema wanaume wa Roscoff walivuka bahari na vitunguu vyao wakauze kwa Waingereza, mlango kwa mlango. Nilimwonyesha Wafula nikasema, "Huyu sasa ndiye mtu." Nilipotoka shule, kabla ya mawe, nilikodi baiskeli, nikasuka vitunguu hivyo hivyo, nikawa nauza kuanzia Section 9 mpaka Makongeni. Wamama walifikiri ni mapambo. Vitunguu vya wengine viliozea guniani, vyangu vilikuwa vinapigwa na hewa. Niambie ni chuo gani kinafundisha hayo.

Shule yenyewe sikuichukia. Nilipenda maziwa ya bure, zile pakiti za pembe tatu tulizokuwa tunazikanyaga zikishaisha ili zipasuke kama bunduki. Nilipenda kubeba maji kwenye mkebe Ijumaa kwa ajili ya kuosha darasa. Kitu kimoja tu kilininyima raha, na wa rika langu mnakijua kabla sijakitaja. Diski.

Yetu ilikuwa kipande cha mbao, saizi ya kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Ukipatikana unaongea lugha ya mama, unavalishwa shingoni. Unatembea nayo mpaka umsikie mwenzako akikosea, unamvalisha yeye. Jioni, kengele ikilia, aliye nayo anatoa orodha ya waliomtangulia, na wote wanakula viboko. Kwa hivyo ilikuwa ni biashara ya kutegana. Mimi nilikuwa mateka wa ile mbao. Mtu ambaye mchana mzima yuko Brest na Carnac, mdomo wake utakumbuka Kiingereza saa ngapi? Lakini nilijifunza kuiuza. Nilikuwa nikisimama kwenye foleni ya maziwa nyuma ya mtu, namkanyaga kidole kwa kisigino, anapiga kelele "Uuui, maitu!" akimwita mama yake, na kabla hajamaliza, diski iko shingoni mwake. Wafula alikuwa mgumu, unamkanyaga anasema "Oh!" kama Mwingereza. Baadaye aliniambia alikuwa akifanya mazoezi nyumbani, baba yake akimkanyaga.

Tunacheka, lakini ile kitu ilitubadilisha kitu ndani. Hadi leo, mimi na malori yangu, nikiingia geti la shule kulipa karo ya mtoto, sauti inashuka yenyewe. Nikitaka kumwambia mke wangu neno kwa Kikuyu, nageuka kwanza naangalia nyuma. Na nilidhani ni uchawi wetu sisi tu. Nilidhani ni kitu kilichobuniwa na mwalimu fulani mwenye roho ngumu, labda upande wa Gatundu.

Basi turudi hapa Ruiru. Binti yangu Wambui alisoma mpaka akapata nafasi ya kwenda Rennes. Watu walishangaa: kwa nini Rennes, kwa nini si Uingereza kama wengine? Mimi sikushangaa. Alilelewa na baba aliyemwimbia majina ya ukutani badala ya nyimbo za kulala. Huko akakutana na kijana, na mwaka huu kijana akasema anakuja kwetu na baba yake kuleta mahari, kama tunavyofanya sisi.

Tulikaa kikao cha familia nyumbani kwangu, Jumapili baada ya ibada, kupanga namna ya kuwapokea. Kila mtu angechanga: Nyokabi, binamu, shemeji, kila mtu na kiwango chake. Mimi kama baba wa binti nikasimama nikasema nitawakaribisha wageni kwa kuwaeleza nchi yao wenyewe, jiografia na historia, bila karatasi.

Nyokabi akaweka kikombe chini. Sasa ni mwalimu mkuu mstaafu, na bado ananiangalia kama niko darasa la tatu. "Njoro, tafadhali. Utatuaibisha. Ile ramani ilikuwa imelala."

"Mama hakuwahi kukosea ukuta."

"Mama hakujua kusoma! Sio dhambi. Lakini wewe utasimama mbele ya watu uwaambie kwao ni kaskazini wakati ni magharibi?"

Hapo damu ikapanda. Kumbuka Mama alishazikwa, na mimi kila nilichojua kuhusu dunia kabla ya mawe, nilikijua kwa mkono wake na gundi yake. Nikasema mbele ya wote, "Nisikilizeni. Siku hiyo kukipatikana neno moja kuhusu Bretagne ambalo mimi silijui, hakuna mtu atachanga. Sherehe yote, kuanzia mbuzi mpaka kijiko, ni juu yangu."

"Ati nini?" Wafula akaruka. Bado ni rafiki yangu, ana gereji Kiganjo, na kikao cha chakula hakosi. "Rudia taratibu. Mimi ndiye refa."

"Neno moja," nikasema.

"Na refa anakula wapi?"

"Refa anakula kwa aliyeshindwa."

Siku ikafika. Tenti mbili, viti vya plastiki vyenye vitambaa, wamama wa kanisa wanaponda viazi na mahindi ya mukimo mpaka ardhi inatikisika. Baba ya kijana alikuwa anaitwa Alan. Nilikuwa nimetayarisha moyo kwa Mzungu wa suti. Alishuka mzee mfupi, kofia bapa, mikono iliyopasuka kama yangu. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nilimsalimia nikahisi zile sugu nikajua huyu ni mtu. Wambui alikaa katikati yetu akitafsiri.

Nikasimama. Nyokabi alikuwa mstari wa mbele, amekunja mikono. Wafula alisimama pembeni ya mbuzi wa kuchoma, kisu mkononi, filimbi ya refa shingoni, sijui aliitoa wapi. Nilianza na Rennes, nikaenda Saint-Malo na majambazi wake wenye ruhusa, nikapanda kwenye vitunguu vya Roscoff, nikateremka Carnac kwenye mawe, nikamaliza na msichana wa wafalme wawili. Mzee Alan alikuwa ameacha mdomo wazi. Kisha nikasema, "Na Nantes haimo," kwa sababu kwa kweli ukutani haikuwemo.

Wambui alipotafsiri, mzee alipiga meza kwa kiganja soda zikaruka. "Anajua! Ngome ya watawala wetu iko pale, lakini serikali ya Paris ilichora mipaka ikaikata, ikaitia mkoa mwingine. Sisi bado inatuuma! Wewe nani alikuambia?"

"Mama yangu," nikasema. "Aliikata kwa kisu."

Nyokabi alijifuta uso na leso. Nilimwangalia kama bingwa wa Tafuta Mji.

"Na Brest," nikaendelea, sasa mabawa yameota, "Brest inanyeshewa kila siku, na iko kaskazini kabisa."

Kijana akamwangalia baba yake. Mzee Alan aliinama kwenye mkoba wake wa zawadi, akatoa kitambaa cha kufutia vyombo, kipya, kimechorwa ramani ya Bretagne kwa rangi ya bluu, akakinyoosha mbele yetu kwa mikono miwili. Na hapo, bila kuambiana, bila kufikiri, watu watatu katika tenti ile waliinamisha vichwa upande wa kulia. Mimi. Wafula na kisu chake. Na Nyokabi, mwalimu mkuu mstaafu, shingo imepinda kama bata wa Landless.

Watu walicheka mpaka tenti ikapumua. Hata mama mchungaji alishika nguzo. Wambui akamweleza mzee habari ya ukuta, gundi, kitanda na tundu la bati. Mzee alisikiliza, halafu akakigeuza kile kitambaa pole pole, mamba akasimama akaachama mdomo juu. Akainamisha kichwa chake mwenyewe.

"Mwambie baba yako," akasema, "mama yake hakukosea. Nchi yetu ilikuwa imechoka, akailaza. Na kuhusu mvua ya Brest, hilo tundu lilikuwa mahali pake kabisa."

"Lakini kaskazini!" Nyokabi akasimama. "Refa!"

Wafula alipuliza filimbi. "Miji yote ameitaja. Kaskazini imehama kidogo, lakini mwenye nchi amekubali. Hakuna bao."

Nilikaa chini mtu mwenye amani. Mama yangu alikuwa ametetewa na mwenyeji wa Bretagne mwenyewe, na mchango wa Nyokabi ulikuwa bado unadaiwa. Nyama ikaletwa. Tukala, tukamega ugali, mzee akauliza habari za ng'ombe wetu na bei ya lita. Katikati ya chakula akamwinamia kijana wake akamnong'oneza kitu kifupi. Lakini kabla ya kunong'ona aligeuka akaangalia nyuma ya bega.

Mimi najua kule kuangalia. Mkono wangu ulisimama na nyama hewani. Nikamwambia Wambui, "Muulize, hicho kilikuwa Kifaransa?"

Hapana, mzee akasema. Ni Kibretoni, ile lugha yao ya zamani. Ameomba chumvi.

"Sasa mbona anageuka? Anaogopa nani hapa Ruiru?"

Mzee alicheka kwa aibu. Akasema si yeye, ni mazoea aliyorithi kwa mama yake. Mama yake alipokuwa msichana mdogo alikwenda shule akijua Kibretoni tu, na Kibretoni shuleni kilikatazwa. Aliyeteleza alifungwa kiatu cha mbao shingoni, kwa kamba. Alitembea nacho mpaka amsikie mwenzake akiteleza, amvalishe. Jioni, aliyebaki nacho aliadhibiwa.

Wambui alikuwa akitafsiri taratibu, hajui anachotuambia. Yeye diski hakuivaa. Lakini wote wa rika letu pale mezani walikuwa wameacha kutafuna. Niliweka nyama kwenye sahani. Niliona msichana mdogo upande ule mwingine wa dunia, chini ya mdomo wa mamba wangu, amesimama uwanjani na mbao shingoni, akitafuta wa kumpa. Miaka yote niliyolala nikiangalia kwao, hakuna mtu aliyekuwa ameliandika hilo pembeni ya ramani.

"Muulize," nikasema, na sauti haikuwa ile ya malori, "walikuwa wanakanyagana vidole?"

Mzee Alan alifikiria. Kisha uso wote ukafunguka. "Kufinyana! Mama alikuwa anafinya wenzake chini ya dawati, wanalia kwa Kibretoni. Alikuwa hodari sana. Alituambia alikuwa akimaliza siku nne kati ya tano bila kiatu."

Wafula aliinua mguu akanikanyaga kidole, kwa nguvu, kwa kisigino.

"Uuui, maitu!"

Sijui tulicheka kwa muda gani. Nakumbuka mzee amenishika bega, machozi yanamtoka, na Nyokabi amelala juu ya meza. Ndiye aliyeinuka kwanza. Alijipangusa, akaniangalia kwa ule upole wa mtu aliyeshinda. "Njoro. Hiyo habari ya kiatu, ilikuwa ukutani?"

Ningeweza kudanganya. Kipande kilichokatwa kiliungua, nani angejua kilichokuwa kimeandikwa? Lakini singeweza kumsingizia Mama kwamba alichoma kitu kama hicho.

"Haikuwa," nikasema.

Wafula akapuliza filimbi mpaka kuku wakatawanyika.

Siku hizi kuta zetu ni laini, zimepakwa rangi nyeupe, hakuna cha kusoma. Wajukuu wa Nyokabi walikuwa pale pale sherehe nzima, kila mmoja na simu yenye ramani ya dunia yote, ramani inayoongea, na bado mmoja wao aliuliza Witeithie ni upande gani. Shingo zao zinainama mbele tu, hazijui upande. Nilimwita mdogo kabisa nikamwambia kwa Kikuyu aniletee maji. Akamgeukia mama yake, akamuuliza kwa Kiingereza babu anasema nini: "What is Guka saying?" Tulipigwa miaka mingi ili tuache ile lugha, na sasa imeachwa bila hata kiboko kimoja. Leo ile diski ingetundikwa msumarini mwaka mzima bila wa kuivaa. Nilimshika mkono nikampeleka sebuleni, ambapo nilikuwa nimeshabandika kile kitambaa cha mzee ukutani, kimelala, mamba akiangalia juu, nikamwinamisha kichwa upande wa kulia, nikamwambia kwa Kikuyu, taratibu, bila kuangalia nyuma, atafute Brest. Aliipata kabla sijahesabu tatu. Ngoto nikala mimi.

Na ile mbao, ambayo nilidhani niliiacha darasa la sita, ilinipata tena nikiwa mwanaume mwenye malori matatu, jioni kengele imelia, sina wa kumvalisha. Mbuzi, tenti, viti, soda, wamama wa mukimo na refa aliyekula mara tatu: shilingi laki moja, elfu arobaini na tatu, mia sita na hamsini.